Thina Chini ya Kitanda

Barua za juma hili zilikuwa nyingi, na kama kawaida nyingi zilihusu karo na mapenzi. Hizo zitangoja kidogo. Kuna moja kutoka Loitokitok iliyonifanya niziweke nyingine kando. Imeandikwa na kijana wa kidato cha tatu anayeishi kwa mjomba wake, na mjomba huyo ndiye anayemlipia karo.

Mjomba ana karakana ya jua kali. Hutengeneza vitanda, makochi na malango ya chuma, kisha huyapiga rangi. Thina huinunua kwa jumla Nairobi, huileta kwa jerikeni za lita 20, na inayobaki huwauzia mafundi wenzake kwa chupa za soda. Kwa kuwa karakana iliwahi kuvunjwa na wezi, jerikeni hizo sasa hulala nyumbani. Zinalala wapi? Chini ya kitanda cha kijana huyu, katika chumba kilichotenganishwa na jikoni kwa pazia tu. Mke wa mjomba hupikia makaa, na usiku, baridi ya mlima inapoteremka, jiko huingizwa ndani ili watoto waote moto.

Kijana anauliza mambo mawili. Je, ni kweli thina yaweza kushika moto hata kama hakuna aliyeigusa? Na pili, atamwambiaje mjomba jambo hili bila kuonekana kijana aliyeshiba akaanza kumfundisha mzee kazi?

Nianze na la kwanza. Thina si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vinavyoyeyusha rangi, na mara nyingi ndani yake mna toluini, asetoni na ndugu zao. Vimiminika hivyo vyenyewe haviwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Kwa hiyo swali la maana si kama kiberiti kimegusa jerikeni, bali ni kama mvuke umefika kwenye kiberiti.

Kila kimiminika kina kiwango chake cha joto ambacho kikifikiwa, hutoa mvuke wa kutosha kuwashwa. Mafuta ya taa tunayoyajua kwenye koroboi yanahitaji joto linalopita nyuzi 38 za Selsiasi, na ndiyo sababu koroboi haiwaki bila utambi. Toluini inahitaji nyuzi 4 tu. Asetoni, ambayo akina dada huitumia kuondolea rangi ya kucha, hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Petroli ni mbaya zaidi, yapata nyuzi 40 chini ya sufuri. Sasa wewe niambie, hata katika usiku wa baridi kali pale Loitokitok, ni chumba gani cha kulala kinachofikia nyuzi 4? Mvuke upo saa zote, Januari hadi Disemba.

Tena mvuke huu hauendi juu kama moshi. Ule wa toluini ni mzito kuliko hewa mara tatu. Hushuka, ukalala sakafuni, ukatambaa kama maji yasiyoonekana, ukapita chini ya pazia na chini ya mlango ukitafuta mahali pa chini. Na jiko la makaa linakaa wapi, msomaji wangu, kama si sakafuni? Mvuke ukilifikia, moto hurudi kwa njia ile ile uliyojia, haraka kuliko mtu awezavyo kuinuka kitandani.

Kwa hiyo jibu ni hili: jerikeni iliyofungwa barabara kwa kifuniko chake hailipuki yenyewe ikiwa imetulia. Lakini nani kati yetu ana jerikeni yenye kifuniko chake cha asili? Kimepotea siku nyingi, na mahali pake pamezibwa kwa gunzi la mahindi au kipande cha nailoni. Isitoshe, toluini hupenya polepole hata kwenye plastiki yenyewe. Kijana ameandika kwamba huamka na kichwa kinachogonga, na kwamba kikohozi hakimwachi. Basi hahitaji mtaalamu kutoka Nairobi kumwambia kama mvuke unatoka. Anaulalia. (Na hilo jiko la makaa kulaza ndani ya chumba kilichofungwa lina kifo chake kingine, kile cha hewa ya sumu isiyo na harufu. Nitaliandikia siku yake.)

Kuna jambo ambalo mafundi wa nyanda za juu huenda hawajawahi kuelezwa. Namba nilizotaja hapo juu hupimwa kwa kanieneo ya hewa ya pwani. Loitokitok iko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi na vimiminika hutoa mvuke kwa urahisi zaidi. Tofauti ni ya nyuzi kama nne hivi. Kwa toluini haibadilishi kitu, maana tayari ni hatari. Kwa tapentaini ya dukani, ambayo wengi huiona mpole kwa sababu huanza kuwa hatari karibu na nyuzi 38, inabadilisha sana. Kibanda cha mabati saa nane za mchana, awe mtu yuko Kimana au Kajiado mjini, joto lake hulijua mwenye kushinda ndani yake. Tapentaini ya asubuhi na ya alasiri si kitu kimoja.

Lakini kwa maoni yangu hatari kubwa zaidi katika wilaya zile kame si jerikeni iliyojaa. Ni pipa tupu. Kajiado maji ni shida, na pipa ni mali. Kuanzia Kitengela na Isinya hadi mpakani Namanga, watu hununua mapipa yaliyokwishatumika viwandani, wakayakata juu wakaweka maji, au wakayapasua wakatengeneza majiko na milango. Mapipa mengine yalikuwa na mafuta ya kupikia au maji ya matunda, na hayo hayana neno. Mengine yalikuwa na thina, gundi au dawa za viwandani.

Mtu huinamisha pipa, halitoki kitu, akasema ni tupu. Hebu tufanye hesabu pamoja, nyinyi wanafunzi mshike kalamu. Mvuke wa toluini huanza kuweza kulipuka ukifika takriban asilimia 1.1 ya hewa. Katika pipa la lita 200 hiyo ni lita mbili na kidogo za mvuke. Ili kupata mvuke huo, kimiminika kinachotakiwa ni gramu nane au tisa, yaani vijiko viwili vya chai. Vijiko viwili! Hicho ni kile kinachobaki kwenye mshono wa pipa baada ya kulipindua. Pipa lililojaa halina nafasi ya hewa ya kuchanganyika na mvuke, kwa hiyo linaweza kuwaka mdomoni lakini si rahisi lipasuke kutoka ndani. Lile "tupu" limejaa mchanganyiko kamili. Fundi wa kuchomelea vyuma akiligusa na moto wake, kifuniko cha pipa huruka kama sahani iliyorushwa, na mbele yake huwa kuna uso wa mtu.

Kulisuuza kwa maji mara moja hakusaidii, kwa maana toluini haichanganyiki na maji. Ushauri wangu ni mfupi: pipa lenye picha ya mwali wa moto, au ambalo lebo yake imebanduliwa na hujui lilibeba nini, usilikate na usiwekee maji ya kunywa. Bei yake nafuu ina sababu.

Wengine watasema ninatia chumvi. Hao nawakumbusha usiku wa Jumamosi, Disemba 10, 2016, huko Karai karibu na Naivasha. Lori lililobeba kemikali yenye kuwaka kwa urahisi lilipoteza mwelekeo kwenye barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, likagonga magari mengine na kulipuka. Karibu watu 40 walikufa na zaidi ya magari 10 yakateketea. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo maafisa wa polisi wa kikosi cha GSU waliokuwa ndani ya gari lao. Wengi wa wale watu hawakuwa na habari na kemikali hiyo. Walikuwa safarini tu. Miaka saba kabla yake, Januari 31, 2009, petroli iliyomwagika kutoka kwa lori pale Sachang'wan iliwaua zaidi ya watu 100, na Septemba 12, 2011 mtaa wa Sinai, Nairobi, ulilia kwa ajili ya petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba. Petroli na thina ni watoto wa mama mmoja.

Kwa sababu hiyo wafundisheni watoto kusoma malori. Lori la mafuta au kemikali mara nyingi huwa na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ikiwa 33, ni kimiminika kinachoshika moto upesi sana. Ya chini hutaja kitu chenyewe: 1203 ni petroli, 1294 ni toluini, 1090 ni asetoni, 1230 ni methanoli, na 1263 ni rangi pamoja na thina zake. Mkiona lori la namna hiyo limeanguka barabarani Kitengela au Emali, msikimbilie na ndoo. Kimbieni upande upepo unakotoka, mkipanda juu na si kushuka bondeni, kwa kuwa mvuke hushuka.

Hiyo methanoli niliyoitaja ina balaa lake la pili. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, mtu akaweza kuungua bila kujua anaunguzwa na nini. Na wachuuzi wasio na huruma waliwahi kuitia katika pombe. Novemba 2000 iliua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya mabanda Nairobi, na mwezi Mei 2014 ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Wengine walinusurika wakiwa vipofu. Thina katika chupa ya soda haina tofauti kubwa na hilo, mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Akinywa thina au mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa kwa nguvu. Akitapika, kimiminika huingia mapafuni, na huko ndiko kinakoua. Mpeleke hospitali pamoja na ile chupa.

Sasa la pili, ambalo kijana analiona gumu kuliko moto wenyewe. Mwanangu, usimwendee mjomba na neno "hatari" mbele ya wateja wake au mbele ya watoto. Zungumza kwanza na mke wa mjomba, yeye ndiye anayepika karibu na vitu hivyo. Kisha baada ya chakula, mzee akiwa ametulia, mwulize kama mtu anayetaka kujua: "Mjomba, mbona naamka na kichwa kila siku tangu thina iletwe chumbani?" Mwache ajibu. Mjomba yako si mjinga. Anaogopa wezi, na ana haki ya kuwaogopa. Ukimwambia atoe thina ndani bila kumwonyesha pa kuiweka, umemwambia achague kati ya moto na umaskini, naye atauchagua moto kwa kuwa haujaja bado.

Kwa hiyo mpelekee wazo. Yeye ni fundi wa vyuma, kasha la chuma la kufungwa kwa kufuli atalitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mabati mazito. Limaliziwe kuchomelewa kabla thina haijakaribia. Liwe na matundu upande wa chini, ule mvuke mzito upate pa kutokea, na mengine juu ya kuingizia hewa. Likae nje, kivulini, limefungiwa kwenye nguzo iliyochimbiwa, mbali na jikoni, na mbali na mtaro unaopita nyumbani. Nunua vifuniko halisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inataka vitu hivi viwekwe ghala lisiloshika moto au mahali salama nje ya jengo lenye watu, kwa hiyo siku mkaguzi akipita, mjomba atakuwa amemtangulia. Na mpaka kasha likamilike, usiku wa leo hii, jerikeni zitoke na jiko lisiingie. Ikiwa moja tu litawezekana, litoke jerikeni.

Karakanani awe na ndoo mbili za mchanga mkavu na, akijaliwa, mtungi wa unga wa kuzimia moto. Thina ikiwaka isimwagiwe maji, huelea juu yake ikasambaza moto hadi mlangoni. Mwali mdogo ufunikwe kwa mchanga au blanketi lililoloweshwa. Ukishapita kimo cha magoti, acheni kila kitu mtoke.

Aliyeshika moto asikimbie. Aangushwe chini, aviringishwe, avuliwe nguo zilizolowa thina isipokuwa zile zilizoganda mwilini, kisha amwagiwe maji baridi ya kawaida kwa dakika 20 kamili, hata akilia kwamba yatosha. Hakuna dawa ya meno, hakuna unga, hakuna yai, hakuna siagi. Baadaye afunikwe kwa shuka safi, na gari la kwenda hospitali liwe limeshaitwa wakati maji yanaendelea kumwagwa.