KLACHI IKIHARIBIKA, DEREVA ASIKATWE MSHAHARA



Desturi mbaya imeota mizizi penye magari makuukuu. Giya zikikataa kuingia, tajiri hapimi kitu. Humnyoshea dereva kidole: "Umeua klachi, utalipa." Mwisho wa mwezi mshahara umekatwa. Twasema wazi: huo ni uonevu, na gari lenyewe ni shahidi.

Tuchukue Land Rover Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 mpaka 1985, na ambayo bado yaonekana mashambani. Klachi yake haivutwi kwa waya. Mguu ukikanyaga, silinda ya juu husukuma mafuta ya breki katika bomba hadi silinda ya chini, kando ya giyaboksi, nayo husukuma wenzo wa klachi. Ndani ya silinda hizo mna raba. Raba huchakaa kwa umri, hata dereva akiwa malaika.

Basi, ndugu fundi, kabla hujaandika ripoti, tazama haya:

1. Injini yavuma lakini gari halivuti? Sahani yateleza, huenda imekwisha au imeingia oili. Giya zalia na rivasi yakataa? Klachi haiachii, anza na mafuta.

2. Mafuta yamepungua koponi? Yakichuruzika penye pedali, silinda ya juu yavuja. Pakilowa kando ya giyaboksi, ni ya chini.

3. Hayavuji, lakini pedali yazama polepole ukiishikilia? Raba ya silinda ya juu yapitisha mafuta kwa ndani.

4. Giya yaingia baada ya kukanyaga mara tatu? Shuku hewa ndani ya bomba.

Dawa ni raba mpya. Lakini silinda iliyoliwa na kutu itazikata hizo pia, ibadilishwe nzima. Kisha toeni hewa. Mpira uvikwe nipeli, ncha yake izame katika chupa yenye mafuta ya breki. Mmoja akanyage, mwenziwe afungue nipeli na kuifunga kabla mguu haujainuka, mpaka mapovu yaishe. Oili ya injini msitie kamwe: hufurisha raba. Mafuta ya breki nayo hunywa maji ya hewani, ndipo kutu huingia. Asiyetaka kununua mafuta mapya ni nani, dereva au tajiri?

Hatusemi kila dereva hana kosa. Apumzishaye mguu juu ya pedali hula beringi na sahani. Lakini kosa hilo lithibitishwe kwa spana, si kwa kelele. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa hasara iliyoletwa na kosa la kusudi. Raba iliyozeeka si kusudi la mtu.

Kwa hiyo, ndugu dereva, andika hitilafu katika daftari la gari siku ile ile, ukae na nakala. Usitie sahihi karatasi ya deni kabla klachi haijapimwa mbele ya mjumbe wa chama.

Umoja ni nguvu.