Sarafu za mjane na daftari la kanisa



Kila mara Kanisa linapohitaji fedha, yule mjane maskini wa Injili ya Marko huitwa tena mimbarani. Tunakumbushwa sarafu zake mbili, tunausifu moyo wake, kisha kikapu kinapitishwa. Ni haki yake kusifiwa. Lakini mara chache tunasoma mistari iliyotangulia, ambamo Bwana Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mwinjili ameyaweka mambo hayo mawili pamoja, wala hatuna ruhusa ya kuyatenganisha. Anayesifu utoaji wa maskini analazimika pia kuuliza sarafu zile zilikwenda wapi.

Nalileta swali hilo kwa sababu katika mashirika yetu ya mitaa hapa Bunia tunaombwa mara kwa mara kuchangia masomo: ya mafratri walioko seminarini, na ya watoto wa sekondari ambao wazazi wao wamekimbia vijiji vya Djugu na Irumu na kuacha mashamba nyuma yao. Wapo wanaosema kwamba faranga mia tano za mama muuza makala haziwezi kusomesha mtu, afadhali tungojee wafadhili wa ng'ambo au mheshimiwa fulani mwenye gari kubwa. Wapo pia wanaosema kwamba kila mmoja atoe tu, wala asiulize. Naona pande zote mbili zimekosea. Toleo dogo limewahi kusimamisha shule, seminari na hata chuo kikuu. Lakini hufanya hivyo pale linapotolewa kwa hiari, kwa utaratibu, na kuhesabiwa mbele ya watu.

Tuanze na Lyon, mji wa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Msichana mlei, Pauline Jaricot, aliwakusanya wafanyakazi wa viwanda vya hariri, watu wa mshahara mdogo, akawaomba watoe sarafu moja ndogo kila juma kwa ajili ya misioni. Aliwapanga kumi kumi, kila kumi na mkusanyaji wake. Makumi yakaunganishwa kuwa mia, na mamia kuwa elfu. Kutoka utaratibu huo ikazaliwa Kazi ya Uenezaji wa Imani, iliyoundwa rasmi tarehe 3 Mei 1822. Mwaka 1889, katika mji wa Caen, mama mmoja na binti yake, Stéphanie na Jeanne Bigard, walianzisha kazi nyingine kama hiyo. Askofu Cousin wa Nagasaki, Japani, alikuwa amewaandikia kwamba vijana wenye wito wapo, ila fedha za kuwasomesha seminarini hazipo. Ikawa Kazi ya Mtakatifu Petro Mtume, ambayo hadi leo husaidia seminari za nchi za misioni. Mwaka 1922 Papa Pius XI alizipa kazi zote mbili cheo cha kipapa. Mwaka 2022 Pauline Jaricot alitangazwa mwenye heri huko Lyon. Tuzingatie kwamba walioanzisha mambo hayo walikuwa wanawake walei.

Ubora wa utaratibu ule haukuwa tu katika wingi wa fedha, bali katika kudumu kwake. Tajiri hutoa siku akiwa na furaha, na akifa au akikasirika mkondo hukauka. Kumpata padri au mwalimu ni kazi ya miaka mingi. Tutazame Uganda, ng'ambo ya ziwa letu la Albert. Huko Wamisionari wa Afrika walianza seminari ndogo mwaka 1893, nayo seminari kuu ya Katigondo ikafunguliwa mwaka 1911. Mapadri wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipewa upadirisho tarehe 29 Juni 1913, miaka ishirini baada ya kuanza. Kwetu Kongo, Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, aliwekwa wakfu mwaka 1917 huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo. Mavuno yanayongojewa miaka ishirini hayawezi kutegemea zawadi ya siku moja. Yanahitaji watu wengi wanaotoa kidogo na wasiochoka.

Lakini historia ya Uganda ina somo la pili, nalo twalisahau. Katika seminari zile alisoma pia Joseph Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 aliwekwa kuwa Askofu wa Masaka, askofu Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi katika nchi hizi zetu. Alipopewa kundi la kuliongoza, aliunda halmashauri za parokia zilizochaguliwa na waamini wenyewe, na vyama vya wazazi vya kuangalia mambo ya shule. Hakuwaomba walei fedha tu. Aliwapa nafasi ya kuketi, kusema na kuhoji. Kijana aliyelelewa kwa matoleo ya wengi alielewa kwamba wengi hao ni wenye kazi pamoja naye.

Hata karibu zaidi nasi, katika jimbo jirani la Butembo-Beni, Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha mwaka 1989 Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Ilikuwa miaka ya umaskini mkubwa, ambapo Serikali ilishindwa hata kuwalipa walimu wake. Hata hivyo Wakristo na wafanyabiashara wa Butembo walikiona chuo kile kuwa mali yao, wakakiunga mkono. Nao ndugu zetu Waprotestanti hapa Bunia wana Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya teolojia ya makanisa kadhaa yaliyokubaliana kubeba mzigo mmoja. Hakuna anayeweza kutuambia kwamba watu wa mashariki ya Kongo hawawezi.

Pamoja na hayo, tusijidanganye. Nchi yetu inaujua pia mchango uliogeuka kuwa mzigo. Mshahara wa walimu ulipoporomoka katika miaka ya 1990, wazazi walikubali kuwalipa walimu kutoka mifuko yao ili shule zisifungwe. Ulikuwa uamuzi wa upendo, na bila huo kizazi kizima kingekosa kusoma. Lakini kilichoanza kama msaada wa muda kikawa sharti la kudumu, na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na kitu akarudishwa nyumbani. Mwaka 2019 Serikali ilitangaza elimu ya msingi ya bure katika shule za umma. Masomo ya sekondari yangali yanalipiwa. Kutoka historia hiyo tujifunze neno moja: toleo likianza kumfukuza mtu, si toleo tena. Wala utoaji wetu usiwe kisingizio cha Serikali kukimbia wajibu wake.

Methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haisemi nani anakishika kibaba. Methali nyingine inajibu: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtume Paulo alilijua jambo hili. Alipowaomba Wakorintho mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaagiza kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya alichojaliwa. Kisha akatuma ndugu waliochaguliwa na makanisa waandamane na fedha hizo, ili asiwepo mtu wa kumlaumu. Kama Paulo hakuona aibu kusindikizwa, ni mweka hazina gani wa parokia atakayeona kwamba kuulizwa ni kutukanwa?

Kwa hiyo nashauri mambo machache yanayowezekana. Kila shirika lijipange kumi kumi kama wale wa Lyon. Watu kumi wakitoa faranga 500 kila juma, kwa mwaka ni faranga 260,000. Makumi kumi yakiungana ni faranga 2,600,000. Si fedha za kudharau kwa mzazi anayetafuta minervali. Fedha zishikwe na watu wawili, mmoja wao awe mama aliyechaguliwa na wenzake. Kila mwisho wa mwezi hesabu isomwe baada ya Misa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jina la mtoto anayesaidiwa lisitangazwe, maana umaskini wake si tangazo la kanisa. Atajulikana kwa kamati, nayo inatosha. Orodha ya waliotoa na wasiotoa isibandikwe mlangoni. Na familia zilizokimbia vita zihesabiwe kuwa wanachama kamili hata kama hazina faranga. Zikileta kikombe cha maharagwe, kipokelewe na kuandikwa. Zisipoleta kitu, sauti yao katika mkutano ibaki ileile.

Wengine watasema kwamba kudai hesabu ni kukosa imani kwa wachungaji wetu. Mimi naona kinyume chake. Mapadri wengi waaminifu wameumizwa na manung'uniko kwa sababu tu hakuna karatasi ya kuwatetea. Hesabu iliyosomwa hadharani humlinda padri kabla ya kumlinda mtoaji. Nasi walei, tusijifiche nyuma ya neno «fedha za mapadri». Kama tunanung'unika sokoni juu ya kikapu cha parokia, lakini siku ya uchaguzi wa halmashauri tunabaki nyumbani, basi lawama ni yetu pia.

Mwezi wa Oktoba, Jumapili ya Misioni, mkusanyo wetu wa Bunia huenda pamoja na mkusanyo wa dunia nzima, na labda faranga zetu zitamnunulia kitabu mwanaseminari ambaye hatutamwona kamwe. Ni heshima kubwa kwa kanisa lililoanza kwa sarafu za wafanyakazi wa Ufaransa. Basi tumheshimu kila anayetoa, hasa yule anayetoa kutoka upungufu wake. Bwana Yesu aliketi kuielekea sanduku la hazina, akatazama jinsi watu wanavyotia fedha. Angali akitazama, na naamini anawatazama pia wanaozihesabu.