Antena, King'amuzi na Haki ya Mwananchi

Wapo wenzetu waaminio kwamba mambo ya utamaduni ni ngoma, mashairi, methali na mavazi tu, na kwamba habari za antena, kebo na ving'amuzi ni za mafundi na wafanyabiashara. Mimi sikubaliani nao. Utamaduni wa taifa hukaa pale taifa linapokutana, na kwa zaidi ya miaka thelathini sasa Watanzania wengi wamekuwa wakikutana jioni mbele ya televisheni: kwa taarifa ya habari, kwa mpira, kwa taarabu, kwa maigizo na kwa hotuba za viongozi. Basi yule ashikaye ufunguo wa mlango huo ana nguvu katika utamaduni wetu kuliko washairi wote tukikusanywa pamoja.

Neno langu ni moja. Chaneli za taifa, zirushwazo kutoka minara iliyosimama katika ardhi yetu, kwa masafa yaliyo mali ya umma, ziachwe wazi bila msimbo wa kampuni yoyote, ili mwenye antena na televisheni azipate pasipo kumlipa mtu.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe, au hazina kabisa. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, stesheni za watu binafsi zilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata baadaye. Kabla ya hapo wakazi wa Dar es Salaam wenye uwezo wa kuwa na seti waliinua antena juu ya milingoti mirefu na kuzielekeza Unguja, wakaipata picha iliyovuka bahari. Hawakuulizwa kadi wala namba ya akaunti. Baada ya 1994 antena zilienea hata katika mitaa ya watu wa kawaida, na asiyeweza kuinunua aliibuni mwenyewe. Tumeziona antena za waya wa shaba, za mifuniko ya sufuria, hata za ringi za baiskeli, na mtoto akisimama nje akiuzungusha mlingoti huku wa ndani wakipaza sauti: 'Hapo hapo! Usiguse!' Picha ilikuwa na chenga, lakini ilikuwa yetu.

Kisha ukaja mfumo wa dijitali. Mataifa yalikutana Geneva mwaka 2006 yakakubaliana kwamba katika sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika mitambo ya analojia ipoteze ulinzi wake ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja siku hiyo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata miji mingine ikazimiwa kwa zamu, ikiwamo Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Tulisifiwa kwa kuwatangulia wengi, na sifa hiyo tuliistahili, kwa maana kazi ilikuwa kubwa.

Sina ugomvi na dijitali. Katika mfumo wa zamani chaneli moja ilikalia njia nzima ya masafa peke yake, kama abiria mmoja aliyekodi basi. Katika mfumo mpya chaneli kumi au zaidi husafiri katika njia ile ile, picha na sauti zikiwa zimegeuzwa tarakimu na kufungwa pamoja. Chenga zimetoweka. Picha ziitwazo HD zina mistari 1,080, ambapo picha ya mfumo wa zamani ilikuwa na mistari 576 ionekanayo. Anayeyakana manufaa hayo ni mkaidi. Lakini mwanafunzi na atofautishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya kwa makusudi. Kugeuza picha kuwa tarakimu ni jambo moja. Kuzifunga tarakimu hizo kwa msimbo ili asiye na chombo cha kampuni asizisome ni jambo jingine. La kwanza ni maendeleo ya sayansi. La pili ni kufuli, na kufuli halikuzaliwa na dijitali. Liliwekwa na watu.

Nisimame kidogo kwenye neno lenyewe, maana sisi tuandikao mashairi hatuwezi kulipita neno bila kulisalimu. Kung'amua ni kulitambua jambo lililofichika, na king'amuzi ni chombo cha kazi hiyo. Wapo wapendeleao kusema kisimbuzi, kwa kuwa kazi ya chombo ni kuusimbua msimbo, nao kitaalamu wana hoja. Umma ulichagua king'amuzi, nami nausimamia umma. Ila neno hili limebeba kinaya: chombo tulichokiita king'amuzi hung'amua kwa uhakika jambo moja tu, yaani kama mwenye nyumba amelipa.

Watetezi wa kufuli watanijibu kwamba tangu mwanzo kanuni zilitaka chaneli kadhaa za kitaifa ziendelee kuonekana hata malipo ya mwezi yakiisha. Ni kweli, na ni kanuni njema. Lakini bure hiyo huanza baada ya kununua chombo cha kampuni fulani, na tumeona kwamba chombo cha kampuni hii ni bubu mbele ya mawimbi ya kampuni ile. Mwananchi anayehama mji, au anayeuziwa chombo kisha kampuni ikabadili toleo lake, bure yake imekwisha. Je, kisima cha kijiji kinaitwa cha bure iwapo maji yake huchotwa kwa ndoo ya duka moja tu?

Mgogoro wa mwaka 2018 ulilionyesha jambo hili peupe. Mwezi wa Agosti Mamlaka ya Mawasiliano ilizitaka kampuni za setilaiti ziondoe chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa sababu leseni zao hazikuziruhusu kuzitoza fedha chaneli hizo. Kimsingi Mamlaka ilisema haki: kitu cha bure kisiuzwe. Lakini nani aliumia? Aliyeumia ni mtazamaji aliyekwisha kununua sahani na king'amuzi, akaamka asubuhi taarifa ya habari ya nchi yake haipo, ingawa za nchi za mbali zilikuwapo zote. Akashauriwa anunue king'amuzi cha pili. Lau chaneli hizo zingalikuwa wazi hewani, ugomvi wa kampuni na Mamlaka usingalimgusa. Angaliichomeka antena nyuma ya seti yake, akaendelea.

Majirani zetu Kenya walipita njia ya miiba zaidi. Shauri la stesheni kubwa za binafsi dhidi ya Serikali lilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2014. Mitambo ya analojia ilipozimwa Nairobi mwezi wa Februari 2015, NTV, KTN, Citizen na QTV zilitoweka hewani kwa karibu majuma matatu. Miongoni mwa mambo yaliyogombewa ni haya haya: nani arushe mawimbi, na kwa king'amuzi cha nani stesheni za nyumbani zionekane.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mawazo ya ujamaa wa kale, na kwamba dunia ya leo ni ya soko. Vema, tuende sokoni. Marekani, ambayo hakuna aishukuye kwa ujamaa, ilipojiandaa kuzima analojia mwaka 2009, serikali yake iliwapa wananchi vocha za dola 40 za kununulia kipokezi, vocha mbili kwa kila nyumba iliyoomba. Stesheni za mahali zikabaki wazi kwa mwenye antena, bila msimbo. Na tangu mwaka 1992 sheria ya nchi hiyo iliyalazimu makampuni ya kebo yazibebe stesheni za mahali; makampuni yakaenda hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi, na mwaka 1997 yakashindwa. Huko ndiko kwenye soko huria! Sisi tuliopokea somo la soko kutoka kwao tulisahau kuusoma ukurasa huo.

Tena kuna hesabu ambayo haizungumzwi sana. Kuondoka kwa analojia kuliacha masafa matupu, na masafa hayo ni mali. Mwaka 2018 masafa ya MHz 700, yaliyokuwa ya televisheni, yalipigwa mnada kwa matumizi ya mawasiliano ya simu na data. Nani aliyeyaondoa mawimbi ya zamani yakapatikana masafa ya kuuza? Ni mwananchi, aliyeiacha televisheni yake ya zamani au akanunua king'amuzi kwa fedha yake. Taifa likapata, yeye akalipa. Sisemi fedha zile zilitumika vibaya. Nasema aliyelipia mlango asiombwe tena kiingilio.

Kuna udanganyifu mwingine, mdogo, lakini unaniudhi kwa kuwa unaishi kwa ujinga ambao shule zetu zingeweza kuuondoa. Katika duka moja mjini nilionyeshwa antena mbili zilizofanana kama pacha. Moja ilikuwa na karatasi iliyoandikwa HD, na bei yake ilikuwa maradufu. Nilipouliza tofauti, muuzaji alisema ile ya pili 'inavuta dijitali'. Hakuna antena ya dijitali. Antena ni chuma kipokeacho mawimbi, na chuma hakijui kama wimbi limebeba tarakimu au chenga. Antena ya masafa ya UHF iliyonunuliwa mwaka 1998, kama haijaliwa na kutu na waya wake ni mzima, hupokea HD sawasawa. Umbo lile la vijiti vilivyopangwa kama miiba ya samaki lilibuniwa Japani katika miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, wala halijachakaa.

Mwalimu wa Fizikia ana somo zima hapa, tena la bei ya waya tu. Wimbi la MHz 500 lina urefu wa sentimita 60: mwendo wa mwanga, mita milioni 300 kwa sekunde, ugawanywe kwa milioni 500. Nusu ya wimbi ni sentimita 30, nao ndio urefu wa takriban wa kijiti kipokeacho. Wanafunzi wakate waya, waufunge kwenye ubao, wauelekeze kwenye mnara. Watajifunza kwamba mawimbi haya hupita moja kwa moja na hukingwa na milima, ndiyo maana mwenye nyumba kilimani hupata na mwenye nyumba bondeni hakosi shida. Wa Lushoto na wa Uluguru wanalijua hilo pasipo kufundishwa. Watajifunza pia kwamba dijitali haina chenga za kuonya: picha ni safi, ni safi, kisha hukatika vipande na skrini ikawa nyeusi. Kijana aliyeyajua hayo hauziwi karatasi ya HD.

Kwa aishiye nyuma ya mlima au katikati ya majengo marefu, kebo ni neema, na mwenye kuvuta nyaya nguzo kwa nguzo anastahili ujira wake. Na alipwe kwa nyaya zake, na kwa sinema na ligi za Ulaya alizozigharimia. Asidai fedha kwa ajili ya taarifa ya habari ya taifa, ambayo hakuitengeneza wala hakuinunua. Vivyo hivyo kampuni za minara: stesheni huzilipa ada ya kubebewa matangazo, kwa hiyo kumtoza tena mtazamaji wa chaneli ya bure ni kumkamua ng'ombe mmoja kwa ndoo mbili.

Hoja ya mwisho ninayoisikia, tena kutoka kwa vijana wenyewe, ni kwamba antena imepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu sasa kimo katika simu. Simu hula bando. Saa moja ya picha safi katika simu humaliza data ambayo kibarua huinunua kwa shida, ilhali mnara huwahudumia watu elfu na watu milioni kwa gharama ile ile, wala hauelemewi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalipitishwa katika redio na televisheni, na si kwa bahati: hivyo ndivyo vyombo vilivyotarajiwa kuwafikia wengi. Mtoto ambaye kwao hakukuwa na king'amuzi, au kilikuwapo cha kampuni isiyobeba chaneli ile, alikosa somo la hesabu kwa sababu ya kufuli. Nawauliza wenye kusema televisheni ni anasa: somo lile lilikuwa anasa?

Televisheni nyingi zinazouzwa leo zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, nao ndio mfumo uliochaguliwa na nchi yetu. Kwa seti hizo king'amuzi si lazima kabisa, ila pale msimbo unapokilazimisha. Kwa hiyo ninalolidai halihitaji mnara mpya wala mtambo mpya. Linahitaji sharti moja katika leseni za kurusha matangazo, liandikwe leseni zinapohuishwa: kwamba chaneli za kitaifa zisizolipiwa zirushwe bila msimbo katika kila mji wenye mnara, kwamba king'amuzi chochote kiuzwacho nchini kizisome, kiwe na kadi au kisiwe nayo, na kwamba dukani mnunuzi aonyeshwe chaneli hizo zikifanya kazi kwa antena kabla hajatoa fedha yake.