Daftari la wiki: mbao, bolti na mchanga

Mwambie fundi seremala wa Dar es Salaam akutengenezee bembea ya watoto uani, yenye kibanda na mserereko, na swali lake la kwanza litakuwa rangi. La pili litakuwa paa. Nguzo zitakaaje ardhini hataulizia, na usipotaja wewe zitafukiwa kama nguzo za uzio. Wajukuu wanakuja likizo ya Juni, kwa hiyo wiki hii daftari limejaa vumbi la mbao. Wanaosubiri siasa wanisamehe.

*

Sokoni mbao huuzwa kwa hesabu za kikoloni hadi leo: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, unene na upana kwa nchi, urefu kwa futi. Nyingi ni paini inayoshuka kutoka Mufindi, liliko shamba la miti la Sao Hill. Ni mbao nyepesi, hairandwi kwa shida, na bei yake inavumilika. Ila mchwa nao wanaipenda kuliko sisi.

Ndiyo maana muuzaji atakuelekeza kwenye zile za kijani, zilizotiwa dawa. Hapo simama kidogo. Dawa ya kijani iliyozoeleka duniani kwa miaka mingi ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Kwenye kenchi za paa haina neno, hakuna anayelamba kenchi. Kwenye bembea mtoto ataishika kutwa nzima, kisha kwa mikono hiyohiyo atakula embe, na aseniki haikai yote ndani ya mbao, nyingine hutoka ikashika vidole. Huko Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani na za viwanja vya watoto mwishoni mwa 2003. Zipo dawa nyingine za shaba zisizo na aseniki, nazo pia huacha rangi ya kijani, kwa hiyo rangi peke yake haikuambii kitu. Muulize muuzaji ni dawa gani. Akijibu "dawa ya mchwa, mama", hajakujibu. Na vipande vya mbao hizo visifike jikoni kwa mama ntilie, maana vikichomwa sumu inabaki kwenye moshi na majivu.

Mafundi wengine wanayo dawa yao: oili chafu. Wanaipaka chini ya nguzo hadi inameta. Mchwa hukimbia kweli, sibishani. Lakini oili iliyokwisha kupikwa ndani ya injini ina mabaki ya metali na kemikali za saratani, na mtoto hukaa chini, hukumbatia nguzo, huchora mchangani kwa kidole. Gereji ibaki gereji.

Nilichoishia kuchagua ni mtiki kwa nguzo na paini isiyo na dawa kwa vya juu. Upo mtiki uliopandwa Longuza, kule Muheza, na sehemu nyingine za nchi. Ukienda kununua tazama kichwa cha gogo lilipokatwa: katikati kuna moyo wa rangi ya kahawia, pembeni kuna duara jeupe. Mchwa hawaupendi moyo, ule weupe wanautafuna kama mbao nyingine yoyote. Mti mchanga ni weupe mtupu, na hapo mtu analipa bei ya mtiki kwa kitu ambacho si mtiki bado.

*

Mazungumzo ya Jumatano, kama yalivyokuwa.

"Mama, msumari wa nchi sita unashika mpaka Yesu arudi."

"Fundi, hii si meza. Bembea inavuta huku na kule, msumari utachomoka wenyewe."

"Basi bolti. Ila ujue bolti ni hela."

"Toa kwenye hela ya paa."

Akacheka, akafuta paa la msonge kwenye karatasi yake, akachora turubai. Bolti inapita mbao mpaka upande wa pili, na pande zote mbili iwe na washa, kwa sababu bila washa nati inazama kwenye paini kadiri unavyokaza. Iwe imepakwa zinki, maana upepo wa bahari hautupi nafasi. Ncha yake isichomoze. Chimba kwa keekee tundu pana kidogo nati ikae ndani, au kata kilichozidi uisugue kwa tupa. Ncha ya bolti inachana paji la uso, na kibaya zaidi inanasa ushungi wa mtoto aliyetoka madrasa na kupitiliza moja kwa moja kwenye mserereko. Mtandio, kamba ya kofia, mkufu: vyote vivuliwe kabla ya kupanda.

Nguzo haikufukiwa. Imekaa juu ya kiatu cha chuma kilichomwagiwa zege, ikiachana na udongo kwa nchi chache, na juu ya zege pamepewa mteremko maji yasituame. Kazi yote hiyo itafunikwa na mchanga, mgeni hataiona, na ndiyo iliyokula hela nyingi.

*

Nimekuwa nikisoma habari za Charles Howard Hinton, mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha Japani mwishoni mwa karne ya 19. Aliamini kwamba watu hushindwa kufikiria kipimo cha nne, kile kilicho zaidi ya urefu, upana na kimo, kwa sababu hata hivi vitatu hawakuvizoea vizuri utotoni. Akawajengea wanawe uani kiunzi kikubwa cha mianzi, kila kiungo na namba zake, kisha akawa anaita namba tatu na watoto wanakimbilia kiungo hicho. Mwanawe Sebastian alikua akawa mwanasheria wa hataza karibu na Chicago, akakisimulia kiunzi cha baba yake, na mwaka 1923 ikatolewa hataza yake ya kile kiunzi cha vyuma vya kuparamia ambacho leo kiko kwenye shule za chekechea dunia nzima. Alichokumbuka zaidi kilikuwa kuparamia, hesabu zilikuwa za baba.

Namwelewa Sebastian. Kibanda cha fundi wangu kilipangiwa kuwa na ubao wa alfabeti ukutani. Nimeuondoa.

*

Kipimo kimoja kiandikwe mahali fundi anakiona: nchi tatu na nusu mpaka nchi tisa. Uwazi wa ukubwa huo, kati ya vipandio vya ngazi au vijiti vya ukingo, ni mtego. Kiwiliwili cha mtoto mdogo kinapenya miguu ikitangulia, kichwa kinagoma, na yeye anabaki akining'inia. Ama uwazi uwe mdogo kuliko hapo, ama uwe mkubwa. Kwenye mchoro wa awali vijiti vilikuwa vimeachana nchi sita, "ili upepo upite".

*

Majeraha mengi ya michezo hii yanatokana na kuanguka, kwa hiyo swali kubwa ni mtoto anaangukia nini. Mjini tumeingiwa na ugonjwa wa pevingi. Kila mwenye nyumba anataka ua wote uwe vitofali, usiku uoshwe kwa mpira, gari ling'ae. Bembea juu ya pevingi ni kitu ambacho mtu mzima anayempenda mtoto hapaswi kukiruhusu, nukta.

Miongozo ya Marekani inataka mchanga wa kina cha angalau nchi tisa, ulioenea futi sita pande zote. Mbele na nyuma ya bembea yenyewe inataka mara mbili ya kimo chake: bembea ya futi nane inadai futi kumi na sita mbele na nyingine kumi na sita nyuma. Viwanja vyetu havina nafasi hiyo. Dawa si kubana mchanga, ni kushusha bembea. Ya kwetu ni futi sita, na watoto watapiga kelele zilezile. Mchanga uwe wa mto, mkubwa chembe na uliooshwa, kwa sababu ule wenye udongo ukinyeshewa unagandamana. Usiku ufunike kwa turubai, la sivyo paka wa mtaa mzima watajua umewajengea choo.

*

Miongozo hiyohiyo inasema mserereko wa bati uelekezwe kaskazini ili jua lisiuunguze. Ushauri mzuri kwa Chicago. Dar es Salaam jua hupita utosini mwezi Machi na mwezi Oktoba, kati ya Oktoba na Machi linakuwa kusini, na miezi iliyobaki liko kaskazini. Huku hakuna upande wa kulikimbia. Kuna kivuli tu, na anayekata mwembe ili kupata nafasi ya bembea amekata sehemu nzuri ya uwanja.

Na tairi, hilo pendwa la shule zetu: ukilitundika, litoboe upande wa chini. Maji yakikaa ndani mbu wa dengi anazaa humo, na jiji hili halijasahau dengi ya 2014 na ya 2019. Mnyororo wa kulitundikia uvishwe kipande cha mpira wa maji, usibane vidole.

*

Mwaka 1943 huko Emdrup, Copenhagen, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, kilifunguliwa kiwanja cha watoto kisicho na bembea, kilichojaa mbao na matofali ya kujijengea wenyewe. Aliyekibuni, C. Th. Sørensen, alikuwa ameona watoto wakiyakimbia aliyowatengenezea na kwenda kucheza kwenye majengo yanayojengwa. Vipande vya paini vilivyobaki nimemwambia fundi avipige msasa, aviache kwenye pipa kando ya mchanga.

*

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto, pamoja na chakula, malazi na elimu. Viwanja vya wazi vya mitaani vimegeuka fremu za maduka, na mchezo umehamia nyuma ya mageti. Kwa hiyo geti letu Jumamosi litakuwa wazi kwa watoto wa jirani, mtu mzima mmoja akiwa kwenye kiti.

Wenye bembea tayari uani: mbao ikikauka hunywea, na bolti iliyokazwa mwezi uliopita leo inacheza. Chukueni spana mwisho wa wiki hii, mzipitie nati zote kabla watoto hawajaamka.