Tusifiche bafle ya seremala wetu nyuma ya pazia

Jumapili iliyopita nilisali katika kanisa moja la hapa Butembo. Jina lake sitalitaja, maana nia yangu si kuaibisha mtu. Kwaya iliimba vizuri, na gitaa la solo lilisikika safi hadi kwenye viti vya nyuma. Mbele ya altare kulikuwa bafle mbili kubwa za plastiki, nyeusi, zinang'aa. Nikafikiri sauti inatoka humo.

Kisha ibada nikamsalimia kijana anayepiga gitaa, nikamsifu kwa bafle zao. Akacheka. Akavuta pazia la pembeni, akaniambia: "Papa, zile za mbele zilikufa zamani. Zinabaki pale kwa kupendezesha tu. Inayofanya kazi ni hii."

Nyuma ya pazia kulikuwa sanduku la mbao, rangi ya kahawa, limepakwa verni. Limetengenezwa na seremala wa mtaani, naye ni muimbaji wa kwaya hiyo hiyo. Komite iliona aibu kuliweka mbele ya watu, eti ni "ya kienyeji". Tena, hadi leo fundi anadai dola 40 za kazi yake.

Nilienda kumuona katika atelie yake. Sikumkuta na hasira. Alinieleza kazi yenyewe, na ndipo nilipoelewa kwamba wengi wetu tunadharau kitu tusichokijua.

Bafle ya gitaa si sanduku la kuwekea nguo. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma, na mbao nazo zinatetemeka. Mbao ikiwa nyembamba, au misumari ikiwa imelegea, sanduku linaanza kulia lenyewe, na gitaa linachafuka. Kwa hiyo fundi alitumia tripleksi ya milimita 18 kwa pande zote. Kwenye kona hakupiga misumari tu: alikata meno, akayaingiza moja ndani ya lingine, akatia kola, akakaza, akaacha mpaka siku ya pili. Ndani aliongeza vipande vya libuyu kwenye pembe ili kuzipa nguvu. Spika ya inchi 12 aliitoa kwenye bafle ya zamani iliyovunjika. Kabla ya kuifunga, aliangalia nyuma yake imeandikwa omu ngapi, akalinganisha na ampli ya kanisa: 8 kwa 8. Alinieleza kwamba ampli inayotaka 8 ukiipa 4, inaweza kuungua.

Kisha ikaja kazi ya kusafisha, ambayo yeye anasema ndiyo inayotenganisha fundi na mtu wa haraka. Alisugua kwa karatasi ya msasa namba 80, halafu 120, halafu 220, kila mara akifuata mstari wa mbao. Akapitisha kitambaa chenye maji kidogo ili nyuzi za mbao zisimame, zikakauka, akasugua tena. Verni alipaka nyembamba mara nne, na kati ya mara moja na nyingine alingoja ikauke, akasugua polepole kwa mkono. Siku sita kwa sanduku moja.

Sasa mimi nauliza: aibu iko wapi hapo?

Sisi watu wa Butembo tunaona kila siku malori ya mbao yakitoka upande wa Mambasa, yakipita hapa, yakielekea Kasindi, Uganda na Kenya. Kwa njia ile ile zinarudi bafle za plastiki, tunazilipa kwa michango ya wamama wanaouza mboga sokoni. Zikifa, hakuna wa kuzitengeneza. Sanduku la seremala likipasuka, mwenyewe yuko nyuma ya soko, unamuita anakuja.

Neno "kienyeji" lisitutishe. Wanamuziki wa Konono N°1 wa Kinshasa walitengeneza vyombo vyao vya sauti kwa sumaku za magari ya zamani, wakavifunga kwenye likembe. Walipotoa albamu Congotronics mwaka 2004, watu wa Ulaya waliupenda sana mlio ule ule ambao wengine hapa wangeufichia pazia.

Lakini haki inakata pande zote mbili. Mafundi wetu nao wana kosa. Wengi wananunua mbao mbichi kwa sababu ni ya bei ndogo, wanaifunga siku ile ile, na kisha miezi miwili kona zimefunguka. Wengine wanapaka verni juu ya vumbi. Mteja aliyeuziwa kitu cha namna hiyo mara moja, kesho atakimbilia plastiki, na hatuwezi kumlaumu. Mbao ikaushwe kivulini, ipangwe na vijiti katikati ili hewa ipite. Asiye na subira hiyo asikubali avansi ya mtu.

Kwa makomite ya makanisa, mashule na vikundi vya muziki nasema hivi: mnapotaka bafle, muulizeni kwanza seremala wa mtaani. Andikeni kwenye karatasi bei, siku ya kumaliza, na muda ambao fundi atatengeneza bure kikiharibika. Kazi ikiwa nzuri, mlipeni siku ile ile. Kijana anayejifunza katika atelie anatazama: akiona mkubwa wake anadai dola 40 miezi na miezi, kesho ataweka randa chini na kutafuta pikipiki.

Na lile kanisa ninaloliongelea, waamini wake watajijua. Toeni zile bafle zilizokufa. Ile ya mbao iwekwe mbele, watu waione. Lakini kabla ya kuisogeza, mlipeni kwanza aliyeitengeneza.