Baada ya Vigelegele

Serikali mpya haipimwi kwa vigelegele vya siku ya kwanza. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Siku 44 baadaye, tarehe 22 Januari, 1962, Mwalimu Nyerere aliuacha Uwaziri Mkuu, akamkabidhi Ndugu Rashidi Kawawa, naye akaenda kukijenga chama cha TANU na kuwasikiliza wananchi. Chama kilichozoea kudai Uhuru kilikuwa hakina budi kujifunza kuutumia. Novemba ya mwaka huo wananchi walimchagua kuwa Rais.

Somo hilo twalishika hata leo. Mfanyakazi anenaye kwamba mambo yanakwenda polepole si adui wa Serikali. Asiposikilizwa miezi ya mwanzo, atasikika kwenye sanduku la kura.