Kuvua na Kuachilia

Huko magharibi ya Marekani, katika milima ya Rocky, yako maziwa madogo mengi. Maji yake yatoka katika theluji, nayo ni baridi sana. Miezi mingi ya mwaka barafu huyafunika kabisa. Ndani ya maji hayo huishi samaki aitwaye trauti. Trauti ni wa namna nyingi. Huyu tutakayemsema ana mistari miwili myekundu chini ya taya, kama mbuzi aliyechinjwa. Kwa hiyo Wamarekani wamempa jina lenye maana ya koo lililokatwa. Sisi tumwite koo-jekundu.

Mwaka 1805 msafara wa Lewis na Clark ulifika kwenye maporomoko makubwa ya mto Missouri. Watu wao wakamvua samaki huyo, naye Lewis akaandika habari zake katika daftari. Baadaye wataalamu wakampa jina kwa heshima ya Clark.

Wengi huko humvua kwa nzi. Si nzi wa kweli. Mvuvi huchukua ndoana ndogo, huifunga manyoya ya ndege na nywele za mnyama kwa uzi mwembamba, hata ifanane na mdudu anayeelea juu ya maji. Nzi huyo hana uzito, hawezi kutupwa mbali. Basi mvuvi hutumia mshipi mzito na ufito mrefu unaopindika. Huurusha mshipi nyuma, huurusha mbele, nao humchukua nzi na kumweka polepole juu ya maji. Koo-jekundu akimwona, hupanda na kummeza. Ni kazi ya mkono mwepesi na ya saburi nyingi.

Sasa tusikilize jambo lenyewe. Katika jimbo la Colorado liko ziwa dogo, jina lake Zimmerman. Liko juu sana milimani, zaidi ya mita 3,000 kupita bahari. Humo mna koo-jekundu wa ukoo mmoja, mwenye mgongo wa kijani. Sheria yasema hivi: mtu aweza kumvua, walakini asitumie chambo cha kuliwa, kama funza au mnyoo; atumie nzi au chambo cha bandia tu. Tena kila koo-jekundu aliyenaswa arudishwe majini mara moja.

Najua wewe unayekaa karibu na ziwa Tanganyika au Kivu utacheka. Utasema: «Samaki ni mboga. Mtu mwenye akili hutoaje samaki majini, kisha akamrudisha?» Swali lako ni la haki, nalo lataka jibu la haki.

Jibu laanza na habari za zamani. Katika karne ya 19 watu wengi waliingia Colorado kutafuta dhahabu na fedha. Migodi ikachafua mito. Watu wakavua pasipo kiasi. Tena wakaleta trauti wa kigeni, wengine kutoka mashariki ya Marekani, wengine kutoka Ulaya, wengine kutoka upande wa bahari ya magharibi. Wageni hao wakawanyang'anya wenyeji chakula na mahali pa kukaa, na wengine wakazaa nao, hata ukoo ukachanganyika. Mwaka 1937 watu walisema: «Mgongo-kijani amekwisha, hayuko tena.»

Baadaye wakadhani wamempata katika vijito kadhaa, wakamtunza miaka mingi. Lakini mwaka 2012 wataalamu walipima nyama ya samaki wa kale waliohifadhiwa katika nyumba za makumbusho, wakailinganisha na ya samaki walio hai. Kumbe wengi wa wale waliotunzwa hawakuwa wa ukoo ule! Wa kweli walibaki katika kijito kimoja tu, Bear Creek, chini ya mlima Pikes Peak, mwendo wa kilometa 6 hivi. Na hapo si kwao. Katika karne ya 19 mwenye hoteli mmoja aliwapeleka huko ili awapendeze wageni wake. Ukoo mzima ulisalia katika maji ambayo mtoto aweza kuyaruka.

Basi wakachukua mayai ya samaki hao, wakayalea. Mwaka 2014 watoto wao wakatiwa katika ziwa Zimmerman, baada ya kuondoa trauti wengine waliokuwamo.

Je, watu kama hao ungewaweka katika chungu? Hapana. Mkulima aliyebakiwa na kikapu kimoja cha mbegu hazisagi mbegu hizo, hata watoto wakilia. Na huko Colorado hakuna mtoto aliaye kwa ajili ya koo-jekundu. Mwenye kutaka kitoweo aende kwenye vijito vya jirani vyenye trauti wa kigeni kutoka mashariki. Hao ni wengi mno, sheria yamruhusu kuwala, tena akiwala awasaidia wenyeji. Kwa hiyo nasema: mle mgeni, mwache mwenyeji azae.

Wako wengine wasemao: «Kama samaki ni wachache hivyo, afadhali watu wasiwaguse kabisa. Kumtesa kiumbe kwa mchezo ni vibaya.» Neno hilo ni zito kuliko la kwanza. Katika mto Yellowstone, mwaka 1981, wataalamu walihesabu wakaona kwamba koo-jekundu mmoja alinaswa mara 9 hivi katika majira mamoja ya kuvua. Mara tisa kuchomwa mdomo si jambo la kuchekea. Lakini wataalamu hao hao waliona kwamba waliokufa kwa kunaswa walikuwa wachache sana.

Tena yatupasa kufikiri ni nani anayelipa gharama za kulea samaki hao. Kwa sehemu kubwa ni wavuvi. Kila mvuvi hulipa ruhusa ya kuvua. Na tangu sheria ya mwaka 1950, fito na ndoana zinatozwa kodi huko Marekani, nayo fedha hiyo hurudi kusaidia samaki. Mtu hulinda mahali anapopajua na kupapenda. Ziwa ambalo hakuna anayelifikia, nani ataona siku maji yake yanapoharibika, au siku mtu mjinga anapotia humo samaki wa kigeni?

Kwa hiyo naona sheria ya Zimmerman ni njema. Lakini nasema pia kwamba kuachilia si neno la mdomo. Kuna mtu anayemrudisha samaki majini, akaenda nyumbani akijisifu, na samaki amekufa nyuma yake. Huyo hakuachilia, ameua na kutupa, naye ni mbaya kuliko yule aliyeua akala.

Mwenye kuvua hivyo ashike mambo haya. Asitumie chambo cha kuliwa, maana samaki hukimeza mpaka tumboni, na wengi wa hao hufa wakirudishwa. Nzi hushika mdomoni tu. Auvunje au aubane ule mwiba mdogo wa ndoana unaoizuia isitoke. Asimchoshe samaki kwa kumvuta muda mrefu. Aloweshe mikono kabla ya kumshika, maana utelezi wa ngozi yake ndio nguo yake, na mikono mikavu huuondoa. Asimburute juu ya mchanga, asimbane tumbo, asitie kidole katika matamvua. Mwenye kumtoa majini na azuie pumzi zake yeye mwenyewe. Akiona anataka kuvuta pumzi, ajue samaki ameitaka kwanza. Na siku ya joto kali, maji yakikaribia digrii 20, aweke ufito wake chini. Maji ya joto yana hewa kidogo, na samaki aliyechoka hapati nafuu humo.

Mtu asiyetaka taabu hiyo asivue huko. Maziwa mengine ni mengi.

Saburi yao imezaa matunda. Mwaka 2022 wakubwa wa Colorado walitangaza kwamba mgongo-kijani wamezaa wenyewe, pasipo msaada wa mtu, katika kijito cha Herman Gulch, katika nchi ya mababu zao. Tangu 1937, waliposema amekwisha, hata siku ile, ni miaka 85. Kumaliza samaki kwahitaji wavu na watu wasiofikiri. Kumrudisha kulihitaji maisha ya watu wengi, na wengi wao walikufa kabla ya kuona siku hiyo.